Baiskeli ya Mwadhini

Kombo hakuwa na shida ya sauti. Sauti ilikuwa ile ile waliyoizoea watu wa Voi tangu enzi ambazo garimoshi lilikuwa likifika kwa saa yake. Shida ilikuwa goti. Goti la kushoto, lililoumia zamani akiwa mfanyakazi wa reli, sasa lilikuwa limevimba na kuota kiburi: likitaka hukunjika, lisipotaka huganda, na hulibembelezi. Msikiti uko mjini, nyumba yao ng'ambo ya reli, na katikati pana mwinuko ambao ukiwa kijana huuoni kabisa.

Adhana za sala nyingine alikwisha kuwaachia vijana. Iliyobaki mkononi mwake ni Alasiri tu, na hiyo aliishikilia kwa meno. Lakini mvua za Elinino zilikuwa zimeichimba njia, na siku mbili alichelewa: ya kwanza alikuta watu wamekaa wanatazama saa ya ukutani, ya pili alikuta kijana amekwisha kuadhini kwa niaba yake. Kamati ya msikiti ikamwita kwa adabu zote, kahawa na tende zikaandaliwa, akaambiwa kwamba akichelewa tena, Alasiri nayo ataichukua Ayub. Ayub ni kijana mwema mwenye sauti nzuri, Mungu ambariki, hana kosa. "Tunataka upumzike, mzee wetu," walisema. Ukiona watu wanakuhimiza upumzike nawe hujasema umechoka, elewa.

Mkewe, Mwanabibi, hakuambiwa na mtu. Aliijua habari siku ile ya pili Kombo alipochelewa. Kwa miaka thelathini alikuwa akiisikia adhana ya mumewe akiwa jikoni, na kila neno alilijibu kwa sauti ya chini kama inavyopasa, chungu kikiungua kiungue. Siku hiyo spika ikatoa sauti ya Ayub. Akaijibu pia, maana adhana ni adhana. Kisha akajikuta analia juu ya mbuzi ya kukunia nazi, na alipomaliza kulia akakasirika. Kombo aliporudi hakumuuliza kitu. Kesho yake asubuhi alimwambia tu, "Baba Rayhana, vaa viatu. Twende kwa Waleed."

Waleed ni mtoto wa mdogo wake Mwanabibi, mwenye duka la spea karibu na stendi. Mwaka ule alikuwa ameleta kutoka Mombasa baiskeli za mtumba za Kijapani, na mbili kati ya hizo zilikuwa na betri. Voi nzima ilikwenda kuzitazama, na nusu yake ilirudi kusema ni uchawi. Moja ilikuwa ndefu, ya kiume, ina chuma cha kati na matairi ya kibabe. Ya pili ilikuwa fupi, ya kike, haina chuma cha kati, ina kikapu mbele, kifuniko juu ya cheni, na keria pana nyuma. Chaja zake hazikupatana na umeme wetu. Ya kwanza ilitoa moshi, ikabidi Waleed anunue transfoma ya kuupunguza umeme.

"Si pikipiki hii, baba mkubwa," alimweleza Kombo. "Ukikanyaga, nayo inakanyaga nawe. Ukiacha, nayo inaacha. Kwenye mwinuko utadhani kuna mtu anakusukuma mgongoni."

Kombo alifurahi, uso wote ukafunguka. Nyumbani kwao hapakuwa na stima, basi akasema betri ataichaji msikitini wakati anangojea sala. Kisha akalishika goti lake, akatikisa kichwa.

"La. Stima ya msikiti ni wakfu," alisema. "Watu wameitoa iwashe taa za kusalia. Haikutolewa iburute goti la Kombo."

"Kuna mtu angejua?" Waleed aliuliza, kwa utani.

"Mimi ningejua. Na Yule ninayewaitia watu waje kwake angejua."

Waleed akasema basi, betri watachaji dukani kwake, ni hatua chache kutoka msikitini. Mwanabibi alimtazama mumewe pale, amesimama kwa mguu mmoja na nusu, na moyo wake ukampenda upya. Hayo hakuyasema. Alichosema ni kwamba ile fupi ndiyo ya kumfaa.

"Nipande baiskeli ya kike? Mimi, Kombo?" Akaishika ile ndefu.

Kanzu na chuma cha kati havijawahi kupatana. Kombo aliurusha mguu mzima, kanzu ikanasa kwenye kiti, na lile goti, ambalo ndilo lililobaki limesimama, likachagua saa hiyo hiyo kuonyesha kiburi chake. Akaenda chini yeye, baiskeli na betri. Hakuumia. Lakini mbele ya duka palikuwa na watu, na mtu mzima akianguka hadharani, kinachoumia hakipakwi dawa. Waleed alimketisha kwenye ile ya kike, akamshikia. Haikusaidia. Pedeli ilipopanda juu, goti lilikataa kuifuata, na mota ya Kijapani ikangoja mguu ambao haukuja.

Walirudi nyumbani. Siku hiyo Kombo alitoka mapema mno, akajikokota, akafika. Kesho yake vivyo hivyo. Jioni alikuwa akilikanda goti kwa mafuta ya nyonyo huku anauma ncha ya shuka asisikike, na Mwanabibi akijifanya hasikii. Mficha uchi hazai, lakini nenda ukamwambie mwanamume wa reli.

Ndipo Mwanabibi akaanza kufikiri, na alipofikiri sana alijicheka. Wote watatu pale dukani walikuwa wakiipima baiskeli kwa urefu wa Kombo, kwa kanzu ya Kombo, kwa goti la Kombo, kwa vile safari ni ya Kombo. Hakuna aliyeuliza magoti mengine yaliyokuwemo mle dukani yana hali gani.

Yeye alikuwa binti wa Mwatate, baba yake akiwa na duka karibu na mashamba ya katani. Kaka yake alikuwa na baiskeli, na saa za mchana wazee wakilala, alimfundisha kuipanda katikati ya mistari ya katani, mahali ambapo hakuna wa kumwona. Alipoolewa jambo hilo lilikunjwa pamoja na nguo zake za usichana. Hata Kombo hakulijua.

Asubuhi alikwenda dukani peke yake. "Waleed mwanangu, ile fupi itoe uani," alisema, "na ufunge mlango wa mbele." Waleed alidhani hakusikia vizuri. Mwanabibi aliikusanya buibui, akaketi, akakanyaga. Kwanza aliyumba hadi karibu na mapipa. Kisha miguu ikakumbuka. Cheni ilikuwa na kifuniko, buibui haikunaswa. Chuma cha kati hakikuwepo, hakukuwa na cha kuruka. Na mota ikaitikia kila alipokanyaga. Akampandisha Waleed kwenye keria, kijana mwenye kitambi chake, akazunguka naye ua mzima. Alitweta, akacheka peke yake, akashuka na kujitanda vizuri.

"Hii hapa ndiyo yetu," alisema.

Kumwambia Kombo ndiko kulikuwa kazi. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema la, pole pole, bila hasira, na hiyo ndiyo la mbaya. Mwanamume mzima apakiwe na mkewe, apitishwe sokoni kama gunia? Maundu, fundi viatu anayeketi mkabala na lango la msikiti, angepata cha kusema hadi Idi. "Afadhali Ayub aichukue," Kombo alisema.

Mwanabibi aliweka chini upawa.

"Baba Rayhana, dukani ulikataa stima ya wakfu kwa kumcha Mungu. Nilijivunia. Leo mgongo wa mkeo, ulio halali yako, unaukataa kwa kumcha Maundu."

Kombo alilitazama goti lake. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia jambo dogo, kama keria ina mto.

Mto uliwekwa. Kesho yake Waleed aliwaletea baiskeli, na baada ya Adhuhuri wakatoka, mke mbele, mume nyuma ameketi upande na mguu mbovu ameunyoosha, mkono mmoja ameshika kofia na mwingine kiti. Kwenye mwinuko Mwanabibi alihisi mota inamsukuma. Alijua wakianguka hapa, hapana siku nyingine. Kombo hatakubali tena, na Alasiri itakwenda zake. "Usitikisike," alimwambia. "Sitikisiki," Kombo akajibu, na kweli alikaa ametulia mno.

Sokoni wanawake wa mboga walisimama. Kwenye benchi la kahawa wazee walishika vikombe hewani. Mbele ya lango la msikiti Maundu aliweka nyundo chini, kwa raha zote.

"Mwadhini," alisema, "leo umepakiwa?"

Kombo alishuka taratibu. Akaliweka goti sawa, akaikung'uta kanzu.

"Nimepakiwa," alisema. "Ninaye wa kunipakia."

Maundu akaiokota nyundo, akarudia kiatu chake. Ndani, Ayub alikuwa amekwisha kuishika maikrofoni. Alipomwona mzee anavuka kizingiti aliipangusa kwa ncha ya kanzu yake na kumkabidhi kwa mikono miwili.

Mwanabibi alibaki nje, kwenye kivuli cha ukuta, ameishika baiskeli. Spika ilikohoa juu ya mapaa, halafu ile sauti ikatoka, haina haraka, haijachoka njiani. Miaka thelathini aliijibu kutoka jikoni, mbali, ng'ambo ya reli. Leo aliijibu akiwa pale pale inapotoka, neno kwa neno, mikono yake ingali kwenye usukani.