Tangazo la Ndoa ya Shema

Nyamitaba yote ilijua: Shema akikwambia mvua inanyesha, toa kwanza mkono nje. Ndiye aliyewafanya wafugaji wateremshe ng'ombe wao kutoka mlimani kwa ajili ya muganga wa chanjo ambaye hata hakuzaliwa. Ndiye, siku ya Pasaka, aliyechomeka kikaratasi katika matangazo ya kanisa, na Papa Karangwa, katekista wetu, akasoma, bila kufikiri, kwamba Shema atamuoa Mama Nyiransengimana. Mjane wa miaka themanini, jamani, mwenye jino moja! Jumatatu bibi wa watu akaja kuuliza ng'ombe wa mahari watafika lini. Shema alicheka mpaka akagaagaa chini.

Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Mapenzi yakamkamata naye, akampenda Bibiche wa kijiji cha Bihambwe mpaka chakula kikamshinda. Baba wa msichana, Papa Kanyamibwa, hakumzungusha.

"Maneno ya mudomo yako sitaki," alimwambia. "Siku ya Mungu tutakuja kusali kwenu. Nikisikia jina yenu imetangazwa, njo nitaamini. Nikikosa, usikanyage tena kwangu."

Shema akaandika karatasi kwa mwandiko wa kunyooka, akampelekea katekista. Papa Karangwa akasoma, akacheka mpaka miwani ikaanguka.

"Leo umechagua mwenye kuwa na meno."

"Papa, hii iko kweli. Naapa kwa Mungu."

"Hata ile ya muganga wa ng'ombe uliapa." Akaitia karatasi mfukoni, akaendelea kufagia kanisa.

Jumapili Bibiche aliketi benchi la mbele na kitenge kipya, baba yake kulia, shangazi yake kushoto. Papa Karangwa akatangaza mbuzi aliyepotea, kazi ya barabara, na ndoa mbili za watu wengine. Kisha akakunja karatasi zake.

Shema akasimama. "Imebakia moja. Ya mimi na Bibiche."

Kanisa zima likacheka. Akaapa, wakazidi kucheka. Machozi yakamtoka, ya kweli kabisa, na mtu mmoja wa nyuma akasema, "Angalieni, sasa anajua hata kulia." Vichwa vyote vikamgeukia Bibiche. Naye akacheka, kwa sauti kuliko wote, maana watu wakikukodolea macho hivyo, ni ucheke ao uchekwe.

Papa Kanyamibwa peke yake hakucheka. Alichukua kofia yake, akawatoa watu wake nje.

Misa ikaisha, watu wakatawanyika, Shema akabaki kwenye benchi, kichwa mikononi. Mama Nyiransengimana akajikokota na fimbo yake, akaketi kando yake, akampangusa uso kwa ncha ya kitenge.

"Mimi nakuamini, mutoto wangu," alisema. "Hata ile ya Pasaka nilikuamini."