Hesabu ya Jioni, Kibanda cha Nne

Watu wananiambia nipunguze hasira. Nizipunguze nimpe nani? Hasira hizi ni zangu, nimezaliwa nazo, na pale ofisini sijazificha. Ndiyo maana wananiita Dada Pilipili.

Kazi yangu ni redio. Nakaa kwenye chumba chenye dirisha moja na kiti kinacholia nikigeuka, nawasikiliza walinzi wa vibanda vya njia ya milimani. Njia ile mtu anaitembea siku nane kwa miguu, na kila mwisho wa siku kuna kibanda cha kulala: mabati, vitanda vya mbao, jiko, mlinzi mmoja. Vibanda saba. Asubuhi mlinzi ananiambia wangapi wametoka kwake. Jioni, saa kumi na mbili, mlinzi wa mbele ananiambia wangapi wamefika. Wametoka tisa, wafike tisa. Akipungua mmoja, kikosi cha uokoaji kinapanda kumtafuta. Basi. Hata mtoto wa darasa la kwanza anaiweza kazi hiyo.

Sasa, mama yangu. Mama alikuwa mpishi wa shule ya bweni miaka thelathini na moja. Alipostaafu, badala ya kupumzika kama mama za wenzangu, akatangaza kwamba ataitembea njia yote, peke yake. Nilimfokea. Nilimwambia, Mama, wewe huyajui ninayoyasikia kwenye ile redio. Nikamweleza ukungu wa kule juu, mtu haoni kiatu chake mwenyewe. Nikamweleza mto unaojaa kwa saa moja kwa mvua iliyonyesha usikokujua. Nikamweleza mteremko wa kokoto kabla ya Kibanda cha Nne, ambako alama nyekundu zilizopakwa kwenye mawe zimefutika, na ofisi inasema rangi inakuja, inakuja, mwaka wa pili sasa, watu wanafuata vijia vya mbuzi wanajikuta ukingoni mwa korongo.

Mama alikuwa anachambua maharage. Hata hakuinua kichwa.

"Mimi nimebeba masufuria ya uji wa moto katikati ya watoto mia nne wenye njaa," akasema. "Hiyo ndiyo hatari. Kokoto kitu gani?"

Akanunua viatu, akanunua mkoba. Nilipojaribu tena akanijibu kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikakubali, kwa shingo upande, na kilichonikubalisha ni kimoja tu: kila jioni nitasikia kama amefika.

Siku ya kwanza nilisikia. Nikamuuliza mlinzi, mama yangu yumo? Yumo, akasema, ameshanikosoa chumvi. Siku ya pili yumo. Siku ya tatu yumo, na amemfundisha mlinzi kuosha sufuria.

Siku ya nne walitoka Kibanda cha Tatu watu tisa, Mama akiwemo. Mchana mvua ikaanguka huko juu. Na mchana huohuo mdogo wangu wa kike akashikwa na uchungu, mimba yake ya kwanza. Simu yangu haikunyamaza. Shemeji ananipigia kila dakika tano kuniuliza afanye nini, kana kwamba mimi ndiye mkunga. Saa kumi na mbili nikapokea hesabu za vibanda vyote saba, nikaandika, nikafunga daftari, nikakimbia hospitali. Kibanda cha Nne: tisa.

Alfajiri mdogo wangu akajifungua. Msichana, mzima, na sauti ya bibi yake. Nililia pale kwenye benchi bila aibu. Saa moja asubuhi nilikuwa kazini, sijalala, sijaoga, nina furaha ya kugawa.

Mlinzi wa Kibanda cha Nne tunamwita Taratibu, kwa sababu anaongea kama mtu anayetafuta kila neno chini ya kitanda.

"Kibanda cha Nne, niitie mama yangu hapo redioni," nikamwambia. "Amepata mjukuu! Taratibu, unanisikia?"

"Nakusikia, Dada. Ametoka... mapema."

"Saa ngapi?"

"Mapema tu."

"Wewe! Mama yangu hatoki mahali bila kunywa chai vikombe viwili na kumsema aliyeipika. Amesema nini kuhusu chai yako? Amelala kitanda kipi?"

"Dada," akasema Taratibu, "nadhani hakufika."

Anadhani! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilimwambia maneno ambayo vibanda vyote saba viliyasikia, maana redio ni moja na kila mlinzi yuko kwenye masafa yaleyale. Nilimwita muuaji. Nilimwita mvivu, mwongo, mzigo.

Ngoja niwaeleze alichokifanya, kwa sababu mtu wa nje haelewi. Walinzi wana neno lao: kumfikisha mtu. Jioni ikifika na mmoja bado yuko njiani, mlinzi anamfikisha kwa mdomo, akijua miguu itafuata. Na mara nyingi inafuata kweli. Nusu saa baadaye mtu anaingia amelowa chapachapa, anacheka, anaomba chai. Wanafanya hivyo kwa sababu ya meneja wetu, Bwana Fomu. Hesabu ikipungua, Bwana Fomu anataka fomu tatu. Kikosi kikipanda halafu mtu akaonekana salama, Bwana Fomu anampunguzia mlinzi siku za likizo, eti ametia hofu bure. Walinzi wanakaa kule wiki sita bila kuona watoto wao. Siku ya likizo kwao si mchezo. Ofisi nzima ilijua mambo ya kufikishana. Tulikuwa tunayachekea kwenye chai.

Nikakimbia uani kwa kikosi cha uokoaji. Kiongozi wao, tunamwita Kapteni, hakuniuliza maswali mawili. Aliniuliza moja tu: tangu lini? Nikasema tangu jana mchana. Akatema chai yake chini, akaanza kurusha kamba kwenye gari.

Bwana Fomu akatokea, shati limenyooka, kalamu mfukoni.

"Tusikurupuke," akasema. "Huenda mama amekaa mahali anapumzika. Tujaze kwanza fomu ya kwanza, ili tuwe na..."

Nilimwambia mahali pa kuiweka hiyo fomu. Kapteni alicheka, gari likaondoka.

Kutoka barabarani mpaka Kibanda cha Nne ni saa tano za kupanda. Taratibu hakuwasubiri. Alichukua kamba, blanketi na redio ya mkononi, akarudi nyuma peke yake kuelekea mteremko wa kokoto. Nilimfuata kwa sauti. Kila robo saa nilibonyeza kitufe nikamtukana upya. Umefika wapi, muuaji? Alikuwa anajibu mahali alipo, basi. Nimefika kwenye jiwe lililopasuka. Nimefika kwenye kijito. Naona kijia cha mbuzi, kuna alama ya mtu kuteleza.

Saa sita na nusu mchana akasema, "Nimempata. Anapumua."

Mungu wangu. Mama alikuwa korongoni, hatua kama mia moja chini ya njia, nyonga imevunjika, amelowa usiku kucha, mwili wa baridi kiasi kwamba hakuweza kufumbua ngumi. Taratibu akamfunika, akavua koti lake mwenyewe akamvika, akaniambia yote hayo kwa mwendo wake uleule wa kobe.

Mtu mwenye akili angesema asante. Mimi nikabonyeza kitufe.

"Ungesema nane jana," nikapiga kelele, "ungesema nane tu, neno moja, mama yangu angelala hospitali! Ulishindwa nini kusema nane?"

Nilisikia upepo wa kule.

"Nilisema nane, Dada."

"Nini?"

"Nilisema nane. Ukaniambia, hesabu tena. Nikahesabu tena, nikasema nane. Ukaniambia, Taratibu, nina mgonjwa hospitali, usinianzishie mambo ya fomu saa hizi, hesabu tena vizuri." Akavuta pumzi. "Nikajua unataka ngapi. Nikakupa."

Mdomo wangu ulikuwa wazi, tusi liko tayari, na halikuwa na pa kwenda.

Kwa sababu ni kweli. Niliikumbuka sauti yangu, na simu inalia mkononi, na kalamu iko juu ya daftari. Katika kundi lile kulikuwa na mpiga picha mmoja aliyekuwa akichelewa kila siku, na mimi nilidhani ni yeye. Sikuuliza nani hayupo. Jioni tatu nilimuulizia mama yangu, na jioni ya nne, siku ya mvua, sikuuliza. Na kusema kweli haikuwa mara ya kwanza. Miaka minne nimekaa kwenye kiti kile nikiwaambia walinzi wahesabu tena. Wote wanajua maana yake. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa na la kwangu kubwa mno.

Nilipogeuka, Bwana Fomu alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia kila kitu. Nikasubiri anifukuze. Badala yake akaongea kwa upole, na upole ule ulinichefua kuliko fomu zake zote.

"Redio haina kumbukumbu," akasema. "Daftari limeandikwa tisa, na tisa ni neno la mlinzi. Wewe ni mfiwa... samahani, wewe ni mwenye mgonjwa. Nenda kwa mama. Mengine niachie."

Na mimi nikamwachia. Nilichukua mkoba wangu nikaenda hospitali kumsubiri Mama, nikamwacha Bwana Fomu na kalamu yake. Hilo nalo liandikwe.

Walimshusha kwa machela jioni. Siku mbili hakuongea. Daktari akatuambia nyonga itaungwa kwa vyuma, lakini vidole vitatu vya mguu wa kushoto havikunusurika na baridi, wamevikata, na kwamba atatembea kwa fimbo mbili, kama atatembea. Majirani walikuja na chupa za chai na huruma zao. Mmoja akathubutu kusema pale kitandani kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilimtoa nje kwa mkono. Mkuu gani? Mama hakukosea, aliyekosea alikuwa amekaa kwenye kiti.

Asubuhi ya tatu Mama aliamka na akili zake zote. Mdogo wangu alikuwa koridoni ananyonyesha. Juu ya kabati la dawa palikuwa na bahasha ya Bwana Fomu, aliyoileta jana yake pamoja na maua: taarifa imeshapigwa chapa, jina la Taratibu limo mara sita, langu halimo hata mara moja, na chini kuna mstari wa mimi kutia sahihi kama ndugu wa majeruhi. Taratibu alikuwa ameshaambiwa ashuke na vitu vyake.

"Nilikuwa naweza kupanda, unajua," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa inakwaruza. "Mwanzoni. Mikono ilikuwa na nguvu. Nilivuta mwili kidogo, nikaona, hapa kwa mwendo huu nitafika njiani kabla giza halijaingia, nitakaa pale, mtu atapita. Lakini kibanda cha kwanza walitufundisha. Ukiumia usihangaike, kaa ulipo, hesabu ya jioni itakutafuta."

Nikamshika mkono. Akauacha.

"Nikaangalia saa. Ilipofika kumi na mbili nilifurahi, wallahi. Nikasema sasa hivi mwanangu ameona simo. Nikaacha kupiga filimbi waliyotupa, nikatunza pumzi. Nikaanza kupanga nitakavyokucheka, maana najua ungenifokea. Saa mbili, nikasema wako njiani. Saa nne, nikasema mvua imewachelewesha. Sikujua kwamba mikono imeshakufa."

Akanigeuzia macho. Yalikuwa macho aliyokuwa akiwatazamia wapishi wadogo waliounguza chakula cha watoto.

"Kuna mtu alisema nimefika," akasema. "Siyo? Nani? Nitajie. Nataka nimjue kabla sijafa."

Bahasha ilikuwa pale, mkono wangu ungeifikia. Nina hasira na Bwana Fomu hadi leo, nina hasira na rangi isiyofika, na Taratibu naye, mwanamume mzima, kwa nini hakunigomea? Zote hizo ni za haki na zote zilinijia mdomoni kwa pamoja.

"Mlinzi alisema hujafika," nikamwambia. "Alisema mara mbili. Mimi ndiye niliyemwambia ahesabu tena mpaka hesabu itimie. Nilikuwa na haraka."

Mama yangu hajawahi kukosa neno maishani mwake. Nilingoja anitukane. Ningelipokea tusi lolote, ningelibeba mpaka nyumbani nikashukuru. Akautoa mkono wake kwenye wangu, polepole, kidole kimoja baada ya kingine, akageuza uso upande wa ukutani.

"Mwambie mdogo wako aje akae hapa," akasema. "Wewe nenda."

Nikaenda.