Sauti ya Kanze

Jumapili moja baada ya ibada, mwaka wa arobaini na sita, wakazi wa laini za makuli, zile nyumba za safu za kampuni kule Changamwe, walipanga foleni mbele ya Ngala, kuli mwenzao, wakampa sauti zao awe msemaji wao. Watu walisema hivyo siku zile, kumpa mtu sauti, na ndivyo ilivyokuwa: kila mmoja alitamka "Nakupa," na baada ya hapo hakuweza kutamka tena neno lolote.

Kanze, mjane muuza mihogo ya kukaanga, alitoa yake bila kusita. Kisima chao kilikuwa kichafu, na bintiye Sidi alikuwa haishi kuharisha. Alitaka bomba la maji, basi.

"Mamangu, bomba utaliona," Ngala alimwambia.

Kesho yake Ngala alikwenda kwa bwana mkubwa wa kampuni, akanena kwa sauti zote pamoja. Vioo vya madirisha vilipasuka. Karani akafagia vigae. Bwana akaahidi kulitazama jambo la bomba, na Ngala mwenyewe akapewa nyumba ya bati jipya.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Sauti za watu ni tamu kuzitumia, jamani! Ngala aliita kuku wake kwa sauti ya Nguma, akagombana na jirani kwa sauti ya Rama, akapatana bei ya samaki kwa sauti za ukoo mzima. Sauti ikitumika ovyo hukauka. Wenyewe walisikia, wakaacha hata kumpungia mkono.

Sidi alipozidiwa, Kanze alimshika Ngala mkono, akamvuta hadi ofisini kwa bwana. Bwana akauliza kama nyumba ina raha. Ngala akafungua kinywa. Ilikuwa imebaki sauti moja tu, ya kike.

"Tunashukuru, bwana. Hatuna shida."

Kanze aliijua. Ndiyo aliyombembelezea mtoto.

Sidi alifariki, akaoshwa kwa maji ya kisima kile kile. Kaburini Kanze alisimama mbele ya Ngala, akajigusa koo, akanyoosha mkono kudai sauti yake. Alitaka kumlilia mwanawe, hata mara moja. Ngala akafungua kinywa, kisitoke kitu. Kando, Erastus, mkazi mwingine wa laini zile, alikuwa keshaanza kuomba sauti kwa wapangaji wapya.

Wanawake waliotoka mtaa wa Frere Town, ambao hawakuwa wametoa sauti zao, wakamlilia Kanze mtoto wake. Jina la marehemu walilisoma midomoni mwake, wakakosea. Walilia "Siti, Siti wetu!" mpaka kaburi likajaa udongo, na mamake hakuweza kuwasahihisha.