Pafu Moja na Nusu

Eudora Pelkey alikuwa akimenya viazi, kiwiko cha kushoto kimebanwa ubavuni maana mkono huo ulikuwa bado haupandi juu ya bega, Inez alipogonga mlango. Tangu Eudora akatwe kipande cha pafu chenye uvimbe, binti huyu wa mazoezi ya viungo alikuwa akija kumfundisha upya kupumua, kuinuka kitini na kupanda ngazi. Daktari wa kwanza alisema kifua cha ajuza wa miaka themanini na mitatu hakifunguliwi. Wa pili alikifungua, na mwenyewe huyo hapo, anamenya viazi.

Leo Inez hakufungua mkoba. Alieleza kwamba kampuni ya bima inataka kujua kama mgonjwa anaweza kupanda ngazi peke yake hadi chumbani juu. Akishindwa, atapelekwa nyumba ya wazee. Akiweza, mazoezi yanakatwa.

"Kwa hiyo nikipona mnaniacha, nisipopona mnanifungia," alisema Eudora.

"Si mimi, bibi. Ila ukipanda nusu tu, ukapumzika, nitapata cha kuwaambia."

"Mwanangu, nimeendesha basi la shule kwenye vilima vya mji wa Duluth, barafu na yote. Sijawahi kuegesha katikati ya mlima."

Akashika ukingo wa ngazi, akapanda, akipuliza pumzi kama anayepoza chai. Ubavu ulimvuta, jasho likamtoka, lakini alifika juu, akageuka akamtazama Inez, aliyeangua kicheko.

Jioni ile ile, baada ya kupata taarifa ya Inez, bima walipiga simu. Kijana mmoja mpole alimwarifu kuwa mazungumzo yanarekodiwa, kisha akampongeza: Inez hatarudi tena. Eudora akauliza ni nani basi atakayemfundisha kuinua mkono hadi aweze kuchana nywele. Kijana akajibu kwamba kwa kipimo chao amekwisha kupona. Je, kuna jambo jingine?

Kikohozi kilikuwa kimeanza kumpanda. Eudora akachukua mto wa kochi, akaukumbatia juu ya mshono, akakohoa karibu na simu, bila haraka wala aibu, mpaka kifua kikasafika.

"Umeirekodi hiyo?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi kamsikilizishe huyo anayepima. Kesho nitapiga tena, asikie kama kikohozi kimepungua."