Karatasi ya Pili ya Hitima

...na hilo la kumi na moja nalo ndiyo, bila wasiwasi ndiyo, fomu imeandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, kama si yeye Nasrin aliyeitafsiri nani mwingine, akaweka alama ya vema na kuteremsha ukurasa, mtandao ukasitasita kidogo kama kawaida yake saa nne za asubuhi, kisha ukatulia, naye akanywa funda la chai iliyokwisha poa, kazi yenyewe ilikuwa nyepesi tu na aliipenda, juzi daktari Muzammil alimwambia, Nasrin, nitafutie miongozo ya maadili ya utafiti, yote utakayoipata, tufanye kabrasha moja kwa ajili ya wasaidizi wapya, akamjibu nipe siku mbili, na siku mbili zenyewe hazijaisha keshapata ishirini na sita, ya kamati ya taifa, ya vyuo, ya mashirika ya nje, mingine kurasa mia tatu za Kiingereza cha kutafuna kama mkate wa juzi, hiyo aliiweka nyuma, mbele akaweka hii ya kurasa nne aliyoiokota kwenye tovuti ya chuo ambacho hata jina lake hakuwahi kulisikia, maswali ishirini ya kujipima mtu aliyetoka kuomba ridhaa kwa watu, jibu ndiyo au hapana, akasema moyoni ngoja niijaze mwenyewe kwanza kwa kazi yangu ya Makurunge, iwe mfano, hao wageni waone kazi safi inakuwaje... safi, ndiyo, neno hilo hakuona haya kulisema, watu arobaini na mmoja wamekubali kutoa damu ya utafiti, saini arobaini na moja kwa siku moja, nani mwingine keshafanya hivyo, kule Miono wenzake wawili walikaa wiki nzima wakarudi na tisa, wanalalamika jua, wanalalamika mbwa, kumbe hawajui kuzungumza na watu tu, mtu unamwamkia vizuri, unakaa chini, unamuuliza habari za watoto na za shamba, hukimbilii kutoa makaratasi, hayo hayafundishwi chuoni, hayo alifundishwa na mama yake nyumbani Mji Mkongwe, haya, la kumi na mbili linasemaje.

Je, mshiriki aliombwa ridhaa mahali na wakati ambapo angeweza kusema hapana bila kuona aibu? Ndiyo, alisema Nasrin kwa mdomo kabisa, kidole kikawa juu ya kitufe, na kidole kikakaa hapo hapo, maana swali limekaa vibaya, nani anaandika maswali namna hii, yale mengine yote yanauliza kama ulisoma fomu yote, alisoma, kama uliacha nakala, aliacha, hili linauliza mahali, mahali palikuwa nyumbani kwa Bi Mwaija, uani, mikeka imetandikwa kutoka mlango wa jiko mpaka kwenye banda la kuku, siku ya arobaini ya mumewe, na wanawake wamejaa hata pa kupitisha mguu hapana... kutoka chumba cha pili, mlango wazi, sauti ya Muzammil kwenye simu na profesa wao wa Dar es Salaam, ndiyo profesa, friza imefika, ndiyo, wachukua damu wapo tayari, Jumatatu bila shaka... na kwa nini asiende siku ya hitima, alialikwa, Bi Mwaija mwenyewe alimpigia simu, mwanangu usikose, na mtu akialikwa na watu wote anaowahitaji wapo pamoja wamekaa kwenye kivuli, si akili hiyo, angezunguka nyumba arobaini na moja kwa pikipiki ya kukodi ili iweje, na hakumdanganya mtu, aliomba ruhusa, Bi Mwaija akasema sema tu mwanangu hapa pako, akasimama akaeleza yote, selimundu ni nini, kwamba mtu anaweza kuibeba ndani ya damu bila kuumwa hata siku moja na kumrithisha mtoto, kwamba damu itawekwa kwenye friza miaka kumi na tano, kwamba mtu yuko huru kukataa, alilisema hilo, analikumbuka alivyolisema, wakati huo huo sinia za ubani zinapita na mtu mmoja anauliza misahafu iko wapi... ila nyumba ile ina desturi yake, watu ni wengi na misahafu haitoshi, kwa hiyo hawasomi wote pale pale, huzungushwa karatasi kwenye ubao mdogo wenye kibanio, kila mmoja anaandika jina lake na juzuu ya Kurani atakayokwenda kuisoma nyumbani wiki hiyo kwa ajili ya marehemu, asiyejua kusoma anaandikiwa Kul-huwallahu mara mia, karatasi inakwenda mkono kwa mkono, na hakuna anayeiruka, uiruke vipi, umekuja kumwombea mtu dua halafu unakunja mikono, na yeye Nasrin, kwa akili yake ile ile, aliposikia karatasi inaanza kuzunguka akaona njia ya mkato, akazibana fomu zake chini ya karatasi ile ile, kwenye ubao ule ule, akaweka na kidau cha wino kwa ajili ya vidole gumba, akakaa na kunywa kahawa yake. Zilirudi zote.

Zilirudi zote, na alifurahi njia nzima, alifurahi mpaka akamsimulia dereva... Nasrin, umefikia wapi na zile karatasi, ndiye Muzammil huyo anapaza sauti, nazitazama daktari, akajibu, na kweli zilikuwa hapo karibu na kiwiko chake, rundo limefungwa kwa mpira, akaufungua mpira bila kujua anatafuta nini, au alijua, alijua sana, ya Dija ilikuwa ya tisa kutoka juu, Dija mjukuu wa Bi Mwaija, mwandiko wa shule, umesimama vizuri, na kwenye nafasi ya tarehe kuna ule weupe, rangi ya kufutia, aliipaka mwenyewe Nasrin usiku ule ule... hapana, asubuhi yake, hapa hapa kwenye meza hii, akasema makosa madogo ya kujaza, yapo kila mahali, akaandika tarehe juu yake kwa mkono wake, sasa akaukwangua kwa ukucha, unga mweupe ukaanguka kwenye sahani ya kikombe, chini yake maandishi ya Dija, juzuu ya kumi na nne. Na kulikuwa na nyingine mbili namna hiyo, Yasini kwenye moja, Amma kwenye nyingine, na alizifuta zote tatu, na alipokuwa akizifuta roho yake ilikuwa imetulia kabisa, hilo ndilo lililomchoma sasa, kwamba hakusita hata kidogo, mwanamke aliyesomea kazi hii miaka mitatu anasoma kwa macho yake kwamba mtu aliyetia saini alidhani anamsomea babu yake Kurani, na anachofanya ni kutafuta rangi ya kufutia... na Dija ana mchumba, posa imepokelewa, wanasubiri mavuno, sasa damu yake ikionyesha anabeba, na yule kijana naye akipimwa akaonekana anabeba, Makurunge pale watu wamekaribiana ndugu kwa ndugu, daftari la siri lina namba, halina majina, sawa, lakini mchukua damu akienda mara ya pili kwenye nyumba moja tu majirani wanauliza kwa nini mara ya pili, na Dija hajui kwamba aliwahi kuulizwa chochote, angetaka kujua huenda, huenda angesema ndiyo nipimeni hata kesho bora nijue kabla, au angesema niacheni kwanza niolewe, vyote viwili ni haki yake, na yeye Nasrin amemnyang'anya vyote viwili kwa rangi ya kufutia.

Lakini hakumdanganya mtu, alijisemea tena, akajisikia anavyosema kama mtu wa dukani anayetetea mzani wake, na hapo hapo likamjia lile alilokuwa amelisukuma nyuma wiki nzima, mlangoni, anavaa viatu, Bi Mwaija amemshika mkono kwa mikono yake miwili yenye unga wa mchele, akamwuliza taratibu ili wengine wasisikie, mwanangu, ile karatasi ya pili nayo ilikuwa ya marehemu? Naye akacheka, wallahi alicheka, akasema ni ya wote bibi, ni ya kheri, na yule bibi akaitikia Inshaallah, akaridhika, au akanyamaza kwa sababu mgeni habanwi mlangoni, mtu mzima yule aliuliza swali hili hili la kumi na mbili kabla ya chuo chochote kuliweka kwenye tovuti, miongozo ishirini na sita ameikusanya na mwongozo wenyewe ulimshika mkono akaufanyia mzaha. Miaka miwili anazunguka Bagamoyo hii, Makurunge mpaka Miono, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumkatalia, hata mmoja, na siku zote alidhani ni kwa sababu yeye anajua kuzungumza na watu.

Haya basi, alisema, na akashangaa kwamba hakuwa na hofu, alikuwa na hasira, lakini hasira safi ya mtu aliyeona uzi ulipokatika na anajua kuunga, atarudi, Alhamisi, siku isiyo na msiba wala harusi, nyumba kwa nyumba, wala hatabeba fomu siku ya kwanza, atasema ile karatasi ya pili haikuwa ya marehemu, nilikosea, naomba radhi, atayasema kwanza kwa Bi Mwaija, na hizi tatu hatazichana, ataziweka kwenye kabrasha na weupe wake uliokwanguliwa, ukurasa wa kwanza kabisa, mbele ya mwongozo wa kamati ya taifa, mbele ya mingine yote, na watu watakaosema hapana atawaandika kwa heshima ile ile, na watakaokubali wakiwa ishirini ni ishirini, wakiwa watano ni watano... Nasrin, njoo, viatu vya Muzammil vikasikika sakafuni, akatokea mlangoni simu mkononi, uso umejaa furaha, nimeweka sauti ya nje, mwambie profesa mwenyewe tuna ridhaa ngapi za Makurunge, nimemweleza wewe ndiye bingwa wetu. Na kabla hajafungua mdomo Nasrin alihisi jibu limekwisha jipanga kwenye ulimi, arobaini na moja, rahisi, lenye adabu, profesa anasubiri Dar es Salaam, daktari anatabasamu, kila kitu kinamtaka aseme hilo, na uso umewaka moto kwa aibu ya kukataa mbele ya watu wazima wawili waliomheshimu, kumbe ndivyo inavyokuwa, alifikiri, kumbe hivi ndivyo ilivyokuwa pale kwenye mkeka, ubao unafika mapajani mwako na watu wote wanakutazama.

"Shikamoo, profesa," alisema. "Hatuna hata moja."