Makochi ya Ada

Asubuhi nilikuwa nafuta vumbi kwenye makochi mapya, na vumbi lenyewe halikuwepo. Napenda tu. Ni ya bluu, ukikaa unazama mpaka unasahau kama una miguu. Mama amekataza tusitoe nailoni, kwa hiyo ukijigeuza yananong'ona.

Hela ya makochi ilitoka kwa dada, yuko chuo mwaka wa pili. Mkopo wake wa masomo ukiingia, siku hiyo hiyo anamtumia mama karibu wote. Majirani wakiuliza, mama anasema mwanangu ananikumbuka, huku anaangalia pembeni kama bibi harusi.

Dada akapiga nikiwa bado na kitambaa mkononi. Mama akaweka sauti kubwa. Sauti ya dada ilikuwa inakuja na kupotea, kama ya mtu aliye ndani ya maji. Alisema mitihani inaanza Jumatatu na asiyemaliza ada haingii, kwa hiyo mama amrudishie hela yake.

"Hela ipi tena, mama?" mama akamuuliza.

"Si hiyo ninayokutumia uniwekee. Unanijua mimi, hela ikilala kwangu haiamki. Wenzangu chumbani wakiinusa tu, imeisha kwenye soda na viatu."

Tulipokuwa wadogo tulimpa mama kila senti atutunzie, na ukiomba unapewa. Kwa hiyo dada hakuona haja ya kueleza. Mama naye hakuona haja ya kuuliza, maana kwake mtu wa chuo ni mtu mzima, akituma kasaidia nyumbani.

"Mama, upo?"

Mama akakaa. Nailoni ikanong'ona. Akakata simu taratibu, kama anamfunika mtoto aliyelala.

Mchana kutwa nyumba ilikuwa kama inaelea. Mama alienda kwa fundi aliyetuuzia, akarudi akasema fundi atayachukua kwa nusu bei. Nusu haifiki ada. Shangazi kaombwa, kasema ataangalia.

"Muandikie wewe," mama akaniambia. "Mimi nitaanzia wapi?"

Nikaandika: "Dada, mama alijua unamsaidia. Kanunua makochi. Kesho tunayauza, tunakutumia nusu. Nenda kwa mhasibu wa chuo umwombe ufanye mtihani, iliyobaki tunatafuta. Usimkasirikie mama."

Simu inaonyesha ameshasoma. Kioo kinazima, nakigusa, kinawaka. Hajaandika kitu. Kinazima tena.