Mnunuzi Asiye na Faili

Sababu ya kukataliwa iliandikwa kwa maneno manne: shughuli haionekani mahali palipotajwa.

Orpa aliyasoma mara mbili, kisha akaisukuma karatasi juu ya meza kumrudishia Jéthro, afisa wa mikopo wa koperative. Ilikuwa Jumatano asubuhi, katikati ya mji wa Butembo, na nyuma yake watu sita walikuwa wakingoja zamu.

"Haionekani namna gani?" aliuliza. "Niko nakaanga kahawa pale miaka ine. Harufu inafika mpaka ku barabara."

"Mama, miye mwenyewe nilifika," Jéthro alisema. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu wa kuandika alichokiona. "Lundi, saa ine ya asubui. Mulango ilikuwa ya kufungwa. Nikauliza majirani tatu. Wa kwanza akasema hautumike tena tangu Noeli. Wa pili akasema ulihamia Kasindi. Wa tatu..." Alitazama karatasi yake. "Wa tatu akaniuliza, Orpa gani?"

"Na ile harufu, haukuisikia?"

"Niliisikia. Banasema ni kahawa ya kilio, kuna mutu alikufa kule nyuma."

Hakuna mtu aliyekuwa amekufa kule nyuma. Siku ya Jumatatu Orpa alikuwa Beni, akikagua mashine ya kukaangia kahawa ambayo mkopo ule ulikuwa wa kuinunua. Mwenye mashine, mzee Zacharie, aliipitishia mpakani Kasindi miaka miwili iliyopita, akaitumia kidogo, akachoka. Bei yake ilikuwa dola elfu mbili na mia nne. Orpa alikuwa na elfu moja. Zacharie alikubali kumngojea hadi Jumamosi saa sita mchana. Baada ya hapo mashine ingechukuliwa na mtu wa Bunia aliyekwisha kutuma salamu na nusu ya pesa.

Na mashine hiyo haikuwa pambo. Hoteli moja ya Beni ilikuwa tayari kununua kilo arobaini kila mwezi, kuanzia tarehe mosi, kwa sharti moja: rangi ya kahawa iwe moja. Kwa karai na makaa, hata mkono uliozoea hautoi rangi moja. Mara ya kwanza walimrudishia pakiti kumi na mbili, zingine nyeusi kama mkaa, zingine rangi ya majani makavu, na Orpa aliona wana haki.

"Kuna rufaa?" aliuliza.

"Kwa gérante, mukubwa wetu. Mais ulete kitu kipya. Kulia haiko kitu kipya."

"Umeniona nalia?"

Jéthro alimtazama. "Hapana," alikiri.

Chumba cha Orpa kilikuwa mtaa wa Furu, katika safu ya milango sita ya mbao iliyotazama barabara ya vumbi. Mlango wa kushoto ulikuwa wa Mama Berthe, mjane aliyeuza mawese. Wa kulia ulikuwa wa Lusenge, fundi cherehani. Wote wawili walimwona akishuka kwenye pikipiki, na wote wawili walikuwa wanacheka.

"Tulikuokoa!" Mama Berthe alipaza sauti kabla hajasalimiwa. "Uko na deni yetu ya fanta, Orpa, kila mutu chupa yake. Lundi kulikuya mutu hapa, na sakoshi ya ngozi, na bic tatu mu mufuko. Bic tatu! Mutu mwema anakuwaka na bic moya."

"Miye nilimuambia ulihamia Kasindi," Lusenge alisema, mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani. "Nilitaka kusema Kampala, nikaona ni mbali sana, hataamini."

"Na miye nikafunga mulango yako na ufunguo ulioniachia," Berthe aliongeza. "Pakiti zote nikaficha nyuma ya bidon za mawese. Yule mutu ananusa, ananusa kama imbwa ya soldat. Nikamuambia: papa, pole, tuko na kilio."

Orpa alikaa juu ya benchi.

"Alikuwa mutu wa koperative," alisema. "Alikuya juu ya mukopo yangu. Bananikatalia."

Cherehani ilinyamaza. Mama Berthe alishika shavu. Hakuna aliyesema fanta tena.

Orpa hakuwa na wa kumlaumu, maana kanuni ile aliitunga yeye. Mwaka uliopita, mwezi wa tano, walipokea karatasi tatu za kudai kodi kwa wiki moja, za mlango uleule, kila moja na muhuri wake na jina lake. Orpa, aliyesoma biashara kwa masista kule Lubero na aliyependa kila jambo liwe na utaratibu, aliwaita wenzake wa milango sita akawapa utaratibu. Anayemwona mtu mwenye faili afunge mlango wake, afunge na wa asiyekuwepo. Anayeulizwa aseme kazi imekufa. Asiongeze neno. Neno la mwisho ndilo pekee ambalo hawakulishika. Mengine yote waliyatenda sawasawa, hata mwenye kanuni alipokuwa mbali.

"Basi twende," Mama Berthe alisema, akifunga kitenge chake vizuri. "Twende saa hii, tumuambie tulisema uongo."

"Hapana, Mama Berthe. Lundi mulisema hivi, leo munasema vingine. Ataandika kama miye ndio nimebafundisha. Na atakuwa na haki."

"Sasa utafanya nini?"

Orpa aliinuka kwenye benchi. Aliingia ndani, akatoa daftari, akaandika majina ya maduka kumi na moja yaliyouza kahawa yake mjini, na namba ya simu ya kila moja.

Alhamisi, saa mbili kasoro robo, alikuwa mlangoni pa koperative. Gérante, Mama Jokébed, alifika saa mbili kamili. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo, na sifa yake mjini ilikuwa kwamba hajawahi kutoa mkopo kwa huruma wala kuunyima kwa hasira. Alimsikiliza Orpa dakika tano bila kumkatiza, Jéthro akiwa amesimama kando. Kisha akachukua orodha ya maduka.

"Nitachagua miye mwenyewe," alisema, akapiga namba ya nne kwa simu ya ofisi, sauti ikisikika chumba kizima.

"Hapa ni bureau ya koperative. Munanunuaka kahawa kwa Mama Orpa wa Furu?"

Mwenye duka alijibu: "Orpa? Hapana. Simujue."

Alipiga namba ya tisa.

"Kahawa? Mama, sisi tunauzisha sabuni tu. Tena hata sabuni imeisha."

Namba ya pili ilikatwa mara baada ya neno bureau.

Jéthro alitazama dirishani, kwa heshima. Mama Jokébed aliweka simu chini, akavaa miwani, akamtazama Orpa kama mtu anayetazama noti asiyoiamini.

Orpa alihisi masikio yake yakipata moto. Alikuwa amerudia kosa lilelile, safari hii kwa mkono wake mwenyewe. Alidhani kanuni ile ni ya milango sita ya Furu, kumbe mji mzima ulikuwa nayo, kila duka limejitungia yake. Ukiuliza Butembo ukiwa na faili, Butembo haina biashara. Hata hivyo malori yanashusha mizigo kutwa kucha. Kwa hiyo swali si nani anasema kweli. Swali ni mtu gani asiyedanganywa.

"Mama gérante," alisema, "usiulize tena. Nunua."

"Ninunue nini?"

"Kahawa yangu. Ondoa badge, acha sakoshi hapa, panda pikipiki, uende kwa safu yetu kama mutu mwenye kutafuta kahawa. Mutu wa faili banamudanganya. Mutu mwenye franga mu mukono, hakuna mwenye atamudanganya."

"Na weye utabatumia message njiani."

Orpa alitoa simu yake, akaizima, akaiweka juu ya meza, akaisukuma hadi mbele ya Jéthro. "Nitakaa hapa mpaka urudi. Hata ku choo sitaenda."

Kwa mara ya kwanza gérante alionekana kuvutiwa. Alivua kadi yake shingoni. Akavua na miwani, akafikiri, akaitia mkobani. "Jéthro," alisema, "umuchunge. Na maneno yote ya choo umuachie Mungu."

Gérante alikawia saa nzima na robo. Orpa alikaa wima. Jéthro alijaribu kuandika, akashindwa.

"Mama, lundi miye nilikosea wapi?" aliuliza mwishowe, kwa sauti ya chini.

"Haukukosea. Uliandika kile ulisikia."

"Sasa?"

"Bic zako. Ni mingi."

Jéthro aliziangalia kalamu mfukoni mwake, akatoa mbili, akaziweka kwenye droo.

Mama Jokébed alirudi na mfuko wa pakiti kumi na karatasi aliyoandika njiani. Alikaa, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma hesabu.

"Nilimukuta mama mumoja wa mawese. Nikauliza pakiti mbili. Akaniuliza kwa nini mbili, nichukue kumi. Akasema Orpa anakaanga mardi na vendredi, donc nirudi vendredi, itakuwa ya moto. Akasema ukikaanga unamaliza kilo makumi tatu kwa siku, na kahawa inatoka Lubero kwa mutu wa kanisa, haina majiwe. Akanionyesha majina ya maduka yenye kuchukua. Duka ya sabuni imo. Fundi wa cherehani akatoka, akasema mukewe anakunywa hii tu, tangu hapo amewacha kugombana. Sikumuuliza kitu." Aligeuza karatasi. "Bei yako ni ngapi?"

"Elfu ine."

"Nililipa elfu ine na mia tano."

Orpa alizitazama zile pakiti kumi. Kweli aliyoiomba ilikuwa imekuja yote, pamoja na sehemu asiyoiomba.

"Mukopo unakubaliwa," gérante alisema. "Dola elfu moya na mia ine, miezi kumi na mbili. Mais safari hii nataka mudhamini mwenye shuguli nimeiona na macho yangu. Nimeona moya tu." Alisukuma fomu. "Yule mama wa mawese. Aandike jina, shuguli, na bei ya mali yake yote. Mbele ya saa kumi leo. Na muambie kahawa ni muzuri."

Orpa alimkuta Mama Berthe akipima mawese kwa kopo. Alimweleza yote bila kupamba: mnunuzi alikuwa nani, mkopo umekubaliwa, fomu inadai nini. Mama Berthe alisikiliza hadi mwisho, kisha akatoa laana moja ya Kinande ambayo Orpa hakuwahi kuisikia ikitoka kinywani mwa mshiriki wa kwaya.

"Yule mwenye kusema pole pole, na sandale? Alinipigia na dua!"

"Ni yeye."

"Na ukishindwa kulipa?"

"Batakuya kuchukua mawese yako."

Mama Berthe aliweka kopo chini. Watu wengi wangemwambia haitafika hapo, na Orpa alijua kwamba maneno hayo yasingemsaidia mjane mwenye watoto wanne. Akatoa daftari. Kila mwezi malipo ni dola mia moja na thelathini na mbili. Hoteli peke yake, kahawa mbichi ikishalipwa, itaacha mia moja na hamsini. Hata maduka kumi na moja yakifungwa siku moja, deni linalipwa. Hoteli ikikataa, maduka yanatoa themanini, na pengo la hamsini na mbili Orpa atalijaza kwa kuuza pikipiki ya marehemu baba yake, iliyoko kwa kaka yake Gracien. Alikwisha kumwambia Gracien. Gracien alikasirika, lakini alikubali.

Mama Berthe alifuata kila mstari kwa kidole. Alirudia hesabu ya pengo peke yake, kwa midomo.

"Na zile mia tano?" Orpa aliuliza.

"Zipi?"

"Juu ya kila pakiti."

"Ah." Mama Berthe hakuona haya hata kidogo. "Ile ni ya mulango. Weye uko Beni, uko Lubero, nani anafungua? Nani anafunga? Nani anasema murudi vendredi?"

Orpa alihesabu kichwani pakiti zake ambazo Mama Berthe aliziuza kila wiki. Zilikuwa nyingi kuliko alizouza mwenyewe. "Ni haki," alisema. "Ziandike kabisa. Mia tano ni zako. Mais usinifiche tena."

"Sasa unaongea kama mutu." Mama Berthe aliinuka, akafunga mlango kwa ndani, akavuta fomu karibu na mwanga wa dirisha dogo. Aliandika jina lake lote, taratibu, kwa herufi za shule ya msingi. Aliandika: mawese. Penye mali, kalamu ilisimama. Alitazama mlango. Kisha akaandika tarakimu nne na kuigeuza karatasi upande wa Orpa.

Orpa aliisoma. Pasaka iliyopita alimpelekea jirani yake huyu kilo mbili za sukari, kwa kumhurumia.

"Mama Berthe, hii elfu sita na mia mbili ni dola?"

"Unataka ikuwe nini, mayai?"

"Iko wapi?"

"Hiyo haiko ku fomu," Mama Berthe alisema, akaenda kufungua mlango.

Ijumaa hiyo Orpa hakukaanga Furu; saa sita mchana alikuwa Beni, nyuma ya nyumba ya mzee Zacharie, kiganja chake juu ya pipa la mashine. Pesa zilikuwa kiunoni, chini ya kitenge, na kandokando yake kilo tano za kahawa mbichi alizokuja nazo kutoka Butembo.

"Uhesabu, mwanangu, basi tumalize," mzee alisema. "Mutu wa Bunia amepiga simu tena asubui."

"Wasingya, asante, papa. Uwashe kwanza."

"Hauniamini?"

"Nakuamini," Orpa alisema, akifungua mfuko wa kahawa. "Uwashe. Tukaange hizi kilo tano, tuone rangi."